Shangazi, kitabu nilichokipenda shuleni hakinisemeshi tena

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Makorora hapa Tanga, na nina duka la vitenge Ngamiani. Umri wangu unakaribia 50. Nakusoma siku nyingi, na leo naomba na mimi unisikilize, ingawa shida yangu si ya ndoa wala ya mawifi.

Miaka ya tisini nilisoma bweni, shule ya wasichana huko milimani, Usambara. Kwa baridi ile, sisi watoto wa pwani tulikuwa tunalala na sweta na soksi. Alfajiri mchakamchaka, mchana ugali na maharage, jioni ndoo kichwani kwenda kuchota maji bondeni. Kidato cha tano na cha sita nilichukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Wenzangu wakikumbuka shule wanakumbuka viboko na njaa. Mimi nakumbuka kipindi cha fasihi.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mungu amrehemu, hakutupa notsi mpaka kitabu kiwe kimesomwa darasani, kwa sauti, tangu ukurasa wa kwanza. Nakala zilikuwa chache, tunabanana kwenye dawati kuchungulia kitabu kimoja. Kusadikika ya Shaaban Robert tuliisoma hivyo. Msichana mmoja wa Korogwe alikuwa Majivuno, yule waziri mshitaki, na alivyokuwa akiunguruma pale mbele, tulimchukia mpaka bwenini. Siku ya mahafali tukaigiza Mabepari wa Venisi, mimi nikapewa nafasi ya yule mwanamke anayevaa nguo za kiume na kuingia mahakamani kumwokoa Antonio. Nilikuwa na miaka 18. Wazazi walisimama wakapiga makofi. Usiku ule usingizi haukunijia kwa furaha. Nikajiona mimi ni mtu wa vitabu maisha yangu yote.

Haikuwa hivyo. Matokeo hayakunifikisha chuo kikuu, baba akafariki, nikaolewa, nikaingia kwenye biashara. Simlaumu mtu.

Sasa binti yangu wa pili yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa mjini. Nimemkuta anajiandaa na mtihani wa fasihi kwa kijitabu cha uchambuzi peke yake: dhamira hizi, wahusika hawa, tamathali za semi hizi, anakariri. Kitabu chenyewe hajakitia machoni. Nikamuuliza mhusika mkuu ni mtu wa namna gani, anaongeaje, hajui. Hasira zikanipanda. Nikakichukua kile kijitabu nikakifungia kabatini. Nikaenda kwa muuza vitabu vya zamani nikamtafutia Kusadikika, nikamwambia, maliza hiki ndipo utakipata kile. Akanijibu, kwa adabu lakini akanijibu: "Mama, hiki hakimo kwenye silabasi yetu. Mtihani hautauliza." Tangu siku hiyo ni shikamoo na marahaba, basi, hakuna zaidi. Mume wangu anasema nimwache mtoto, ati nimezidiwa na kumbukumbu za usichana.

Lakini kilichoniuma zaidi si hicho. Usiku nikasema ngoja nikisome mwenyewe ili mtoto aone mfano. Nikajilaza kitandani, nikafungua. Kurasa chache tu nikaanza kusinzia. Sentensi ndefu, watu wanahutubia, wanahutubia. Nikajaribu tena, hali ile ile. Kitabu hicho hicho kilichokuwa kikinitoa machozi, Shangazi! Nikajiuliza, hivi nilikipenda kweli, au nilichokipenda ni ujana wangu? Na kama hata mimi hakinisemeshi tena, namshikiliaje mtoto nacho?

Naomba ushauri wako.

Mama wa Makorora, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma na nikaisoma tena. Wengi huniandikia kwamba ujana wao umewaponyoka, ila ni wachache wanaoniandikia kwamba kimewaponyoka kitabu, na kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Ulikipenda kweli. Wala usijitilie shaka. Lakini tazama ulivyokisoma wakati ule, na tazama unavyokisoma leo. Wakati ule kulikuwa na darasa zima, mwenzenu kasimama mbele anaunguruma, nyie mmebanana mnasubiri zamu, mtu akikosea mnamrekebisha. Leo umelala chali, umeshinda dukani ukikunja na kukunjua vitenge, nyumba imenyamaza, na wewe unapitisha macho tu. Kusadikika haikuandikwa kwa ajili ya macho yaliyochoka. Ile ni kesi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kutaka watu wasomeshwe sheria, na Karama anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walitumwa pande zote za dunia, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema kwa nchi yao, na nchi yao ikawafunga.

Sasa hotuba ya mashitaka ukiisoma kimya, inapooza. Zile sentensi ndefu zilizokusinzisha zimepangwa kwa pumzi ya msemaji. Neno linasimamishwa, linaletewa mwenzake, linapingwa, linarudiwa kwa nguvu zaidi. Jicho likiona jambo limerudiwa linasema "hili nimeshaliona", linaruka. Sikio halisemi hivyo. Sikio linamsikia mtu anayeshindilia hoja yake mbele ya mfalme, na roho ya mshitakiwa iko hatarini. Mwalimu wenu alilijua hilo, ndiyo maana notsi zilikaa mkobani mwake mpaka kitabu kimesikika. Nampa heshima yake, Mungu amlaze pema.

Na kuna jambo jingine nimeliona kwenye barua yako, wewe huenda hujaliona. Katika vitabu vyote mlivyosoma miaka ile miwili, umenitajia viwili, na vyote viwili vina mahakama. Kusadikika ni hiyo. Mabepari wa Venisi, tamthiliya aliyoiandika Shakespeare huko Uingereza mwishoni mwa karne ya 16 na Mwalimu Nyerere akaifasiri, ikachapishwa mwaka 1969 yeye akiwa Rais wa nchi, nayo kilele chake ni Shailoki mahakamani anadai ratili ya nyama ya mwili wa mtu. Ukaingia wewe, msichana wa miaka 18, umevaa suruali ya kaka wa mtu, ukasema, na wakubwa wakanyamaza wakakusikiliza. Msichana wa pwani wa umri ule, nyumbani anaambiwa asidakie maneno ya wakubwa. Darasani mlipewa maneno mazito, ya watu wazima, mkaambiwa yasemeni kwa nguvu mpaka nyuma wasikie. Unachokikumbuka ni hicho, na hicho hakikuwa ujana peke yake. Ilikuwa kazi ya fasihi, na fasihi ilikufanyia kazi hiyo sawasawa.

Kwa hiyo usikisome tena kitandani. Kishike ukiwa umesimama. Jioni ukiwa jikoni, au dukani saa za mchana ambazo wateja hawapo, soma hotuba moja ya Majivuno kwa sauti, kwa ghadhabu yake, usione haya. Kisha soma jibu la Karama. Kama kundi lenu la shule liko kwenye simu, na najua lipo, maana kila shule sasa ina kundi lake, mwombeni yule Majivuno wenu wa Korogwe atume sehemu yake kwa ujumbe wa sauti, na mwingine amjibu. Mtashangaa nani bado anaikumbuka. Mkiishia kukumbushana viboko tu miaka nenda rudi, mtakuwa mmejinyima lile mlilolipata bora.

Halafu uje kwenye umri. Wakati ule ulikuwa unamchukia Majivuno, nawe ulikuwa na haki, maana kijana humtafuta adui kwanza. Leo una miaka karibu 50, umelipa kodi, umezungushwa na maofisi, umeona watu wazuri wakiumizwa kwa kusema kweli. Safari hii mwache Majivuno, wafuate wale wajumbe. Jiulize kwa nini kila mmoja alikubali kwenda akijua aliyetangulia alirudi akafungwa. Na umkumbuke mwandishi mwenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Tanganyika iko chini ya Waingereza, na Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo. Alianza kazi ya ukarani forodhani Pangani mwaka 1926, na baadaye akafanya kazi hapa hapa Tanga mjini. Mtu anayepokea mshahara wa mkoloni anakaa chini anaandika habari ya nchi inayoelea angani, isiyoonekana kwenye ramani, inayowatia gerezani watu wanaoipenda. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961 alikuwa hai, akafariki Juni 1962. Mimi kila nikifikiria miezi ile michache, moyo wangu hujaa. Mambo hayo ukiwa kidato cha tano huyaandika kwenye daftari kwa jina la "mazingira ya kihistoria", unapata alama zako, unapita. Sasa unaweza kuyasikia.

Ikiwa utafanya yote hayo na kitabu bado kimenyamaza, kiache. Nakwambia kwa moyo mmoja. Hakuna aliyekuandikia mkataba wa kukipenda mpaka kufa. Mwandishi huyo huyo ana kitabu kingine ambacho mtu wa kidato cha tano hakimfai sana, na wewe kinakufaa leo kuliko wakati wowote: Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Humo anaeleza kazi, ndoa, kufiwa, malezi, na mwishowe mtu anapojitazama akiwa ameshatimiza miaka 50. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto, naye akamtungia shairi linaloanza hivi:

Amina umejitenga, kufa umetangulia,
Kama ua umefunga, baada ya kuchanua.

Hesabu kwa vidole kama mlivyofundishwa. A-mi-na-u-me-ji-te-nga, mizani nane. Kufa umetangulia, nane tena. Mtu kafiwa na mkewe, na bado anapima kila silabi, maana huzuni isiyopimwa ingemmeza. Utakapofika kwenye mstari wa mwisho wa ubeti ule, "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua", sidhani kama utasinzia.

Tuje kwa binti.

Fungua kabati umrudishie kijitabu chake. Leo, si kesho. Alichokwambia ni kweli: mtihani wake una vitabu teule, unamtaka ajibu kwa hoja na mifano kutoka humo, na Kusadikika kama haimo kwenye orodha ya shule yake, haitampa alama hata moja. Ana masomo mengi mengine juu ya hilo. Umemshikia kitu anachokihitaji ili umpe kitu unachokihitaji wewe. Mtoto ameliona, na ndiyo maana amebaki na shikamoo peke yake.

Lakini sikubaliani na mume wako kwamba umwache tu. Umeona jambo la kweli. Mtoto kukariri dhamira za kitabu asichokifungua ni kama kusimuliwa harusi ambayo hukuhudhuria: utataja bibi harusi alivaa nini, lakini ngoma hukuisikia. Na hata alama zinaumia. Mtahini anasoma majibu mengi yaliyotoka kwenye kijitabu kimoja, maneno yale yale, mifano ile ile kwa mpangilio ule ule. Aliyekisoma kitabu hujulikana, maana huleta tukio ambalo mchambuzi hakulitaja.

Basi fanya hivi. Muulize vitabu teule vyake ni vipi, uchague kimoja, ukinunue au ukiazime. Tuseme ni Takadini ya Ben Hanson, ambayo shule nyingi zimeisomesha kwa miaka mingi. Ile ni habari ya mama. Sekai amemtafuta mtoto kwa muda mrefu, anampata, mtoto anazaliwa na ualbino, na mila za pale zinataka mtoto huyo asiishi. Mama anamchukua mwanawe mchanga anatoroka usiku. Nani atasoma hayo kama si mama na binti yake? Na kama ni kitabu kingine, hewala, kichukue hicho hicho. Kanuni moja: kiwe chake, kisiwe chako.

Kisha umwombe akusomee. Nasema umwombe, na sababu iwe ya kweli: macho yako yamechoka na mwanga wa usiku, umelisema mwenyewe unasinzia, nawe unataka kujua habari hiyo. Wewe unakuna nazi au unapiga pasi, yeye anasoma sura moja kwa sauti. Usimuulize dhamira. Usimuulize tamathali. Usimkatishe kumwambia "sisi wakati wetu". Hilo la mwisho nalisisitiza, maana kijana akisikia maneno hayo masikio hujifunga yenyewe. Akifika pahali pa kuudhi, udhika. Akifika pahali pa kulia, lia kama machozi yapo. Mbishane kama mama fulani alifanya sawa au hakufanya. Kijitabu cha uchambuzi akisome baadaye, wala usikitukane. Atakapokifungua ataanza mwenyewe kusema "hapa huyu kakosea", na siku atakaposema hivyo, ujue ameshakuwa msomaji.

Siku za mbele, kama mmeshazoeana na sauti zenu, mnaweza kujaribu mambo ya zamani zaidi. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa usia kule Pate katikati ya karne ya 19, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Shaaban Robert naye akamtungia binti yake, Mwanjaa, Utenzi wa Hati. Someni zote mbili pamoja. Binti wa leo atayakataa mengi humo, hasa yale ya kumtii mume, na umwache ayakatae kwa hoja. Tenzi hizo zimedumu kwa sababu kila kizazi cha wasichana kimekuwa na la kuzijibu.

Kusadikika yako iweke rafuni, pahali inapoonekana, usiitaje. Jumapili moja ambayo duka limefungwa, mchukue mtoto mwende Vibambani kule Machui, kusini mwa mji. Ndipo alipozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na ndipo lilipo kaburi lake. Watoto wengi wa Tanga wanakariri jina lake kwa ajili ya mtihani bila kujua kwamba alikuwa mtu wa hapa, mtoto wa kijiji ambacho kutoka Makorora unakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Msiende na daftari.

Na mume wako. Neno la "kumbukumbu za usichana" limekuchoma, nimeliona lilivyokaa kwenye barua. Usigombane naye kwa hilo. Mkaribishe jioni moja aketi asikie mtoto anavyosoma. Wanaume wengi wa umri wake walisoma vitabu hivyo hivyo darasani na hawajapata mtu wa kuzungumza nao tangu hapo. Huenda naye ana mhusika wake aliyemficha siku zote hizi. Akikataa, mwache, nyie endeleeni.

La mwisho ni la kimatendo. Binti akikataa kukusomea mara ya kwanza, usilifanye jambo. Ana kidonda kidogo bado. Subiri siku kadhaa baada ya kumrudishia kitabu chake, umwombe tena kwa upole. Kitabu teule usikitafute wakati wa mitihani, maana shuleni nakala hugombaniwa na madukani hupanda bei. Kama mfuko haujakaa vizuri, uliza kwanza maktaba ya mkoa hapo mjini, jiandikisheni wote wawili, na umwache achague yeye mtakachoanza nacho.

Shangazi